Vitabu vya Bure Mtandaoni Vinamfikia Mwalimu, Mwanafunzi Anapata Mabaki

Tangu Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iweke vitabu vyake vya kiada kwenye Maktaba Mtandao, na hasa tangu mtaala mpya uanze kuingia madarasani Januari 2024, imezoeleka kusikia kwamba tatizo la vitabu limekwisha: vitabu vipo, ni bure, mwenye nia atasoma. Wanaosema hivyo hawajaifuatilia njia ambayo kitabu cha mtandaoni hupita. Faili ikishapakuliwa haiendi kwa mwanafunzi. Inaenda kwenye simu ya mwalimu, kisha kwenye kompyuta ya steshenari au kwenye grupu la WhatsApp, na mwisho inamfikia mwanafunzi ikiwa maandishi ya ubaoni au kopi iliyofifia. Katika kila hatua kuna kitu kinapotea, na kinachopotea kwenye kitabu cha fizikia sicho kinachopotea kwenye ramani, kwenye shairi au kwenye msahafu. Kama vitabu hivi vitaendelea kuandaliwa kana kwamba kila mwanafunzi ana kishikwambi mkononi, tutazidi kuhesabu faili huku watoto wakisoma mabaki yake.

Tulifikaje hapa? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya shule Tanzania vilikuwa kazi ya serikali na mashirika yake. Sera ya vitabu ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa wachapishaji binafsi, na kwa miaka kadhaa shule ziliweza kuchagua kitabu cha somo moja kutoka kwa wachapishaji mbalimbali, mradi kiwe kimepitishwa na kamati ya ithibati, EMAC. Ubora ulipishana mno, malalamiko yakafika bungeni, na mwaka 2013 kamati hiyo ikavunjwa. Kazi ya kuandika vitabu vya kiada ikarudi TET: kitabu kimoja kwa somo moja kwa darasa moja, nchi nzima. Kenya nayo ilielekea huko mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua yenyewe kitabu kimoja cha kila somo na kukipeleka moja kwa moja shuleni. Utaratibu huu una faida zake. Lakini kitabu cha kiada kikibaki peke yake, vitabu vya ziada na rejea, vyenye maelezo marefu, mazoezi mengi na mifano mingine, hukosa mnunuzi. Nafasi yao kwenye rafu ikajazwa na notisi: faili zisizo na jina la mwandishi, zisizo na mwaka, zinazopita simu hadi simu.

Kipindi hiki hatari ya faili hizo ni kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa mitaala miwili inaendeshwa sambamba. Wanafunzi wa elimu ya jumla walioanza kidato cha kwanza mwaka 2025 wanafuata mtaala mpya, na waliowatangulia wanamalizia wa zamani. Katika mtaala mpya, Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la lazima linalofundishwa kwa Kiswahili, na somo la Civics (uraia) halimo tena. Kwa hiyo furushi la notisi za kidato cha kwanza lenye Civics ndani yake ni la mtaala wa zamani, hata kama jalada limeandikwa mwaka huu. Mwalimu au mzazi afanye ukaguzi wa dakika tano: achukue muhtasari wa somo (silabasi), asome umahiri mkuu na umahiri mahususi wa darasa husika, yaani yale mwanafunzi anayotakiwa kuweza kuyafanya, kisha aulinganishe na orodha ya mada kwenye faili. Mada zikipangwa kwa mtiririko mwingine na shughuli za ujifunzaji zisionekane kabisa, faili hiyo ni ya kale. Kubadilisha jalada ni kazi ya dakika mbili, na waliofanya hivyo ni wengi.

Kuhusu nani hasa anaifungua faili, tuseme ukweli unaojulikana na kila aliyesoma shule ya serikali: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Wa bweni akikamatwa nayo anaadhibiwa. Wa kutwa anaipata ya mzazi usiku, kwa bando la mzazi, baada ya mzazi kumaliza shughuli zake. Msomaji wa kweli wa Maktaba Mtandao ni mwalimu anayeandaa azimio la kazi na andalio la somo. Yeye ndiye anayekisoma kitabu kizima, kwa rangi, kwenye kioo kinachokuza herufi. Darasani anaandika ubaoni kile kinachoweza kuingia katika dakika 40 za kipindi, na mwanafunzi ananakili. Ukurasa mmoja wa kitabu unahitaji karibu kipindi kizima kunakiliwa, kwa hiyo mwalimu anafupisha. Vya kwanza kutupwa huwa ni mifano, michoro na mazoezi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa sababu ya kuwa na kitabu.

Tuanze na sayansi, kwa sababu huko hasara inahesabika. Mtu anapofungua faili ya fizikia, akachagua maandishi, akayabandika kwenye WhatsApp au kwenye programu ya kuandikia, vipeo hushuka chini vikawa tarakimu za kawaida. Kasi ya mwanga, 3.0 × 10⁸ mita kwa sekunde, inageuka 3.0 × 108. Mwanafunzi anayeamini alichopewa atapata 324, na hana sababu ya kushuku, maana 324 nayo ni namba kama namba nyingine. Alama ya kipeuo cha pili nayo hupotea mara nyingi. Kanuni ya muda wa mzunguko mmoja wa pendulamu ni 2π√(l/g), ambapo l ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Ikipoteza alama hiyo inabaki 2πl/g. Kwa uzi wa mita 1, kanuni sahihi inatoa kama sekunde 2.0, na iliyoharibika inatoa 0.64. Mwenye uzi, jiwe na saa anaweza kuligundua kosa hilo papo hapo. Asiyefanya jaribio ataingia nalo kwenye mtihani. Katika kemia tarakimu ndogo za chini hupanda. Mzoefu haoni shida kusoma 2H2O, lakini mtoto wa kidato cha kwanza hajui ni 2 ipi inayohesabu molekuli na ipi inayohesabu atomu za haidrojeni, na huko ndiko kusawazisha milinganyo kunakomshinda.

Rangi nazo zina kisa chao. Mchoro wa moyo kwenye kitabu cha biolojia hutumia nyekundu kwa damu yenye oksijeni na buluu kwa damu isiyo nayo. Mashine ya kudurufu ya rangi nyeusi inazifanya zote kijivu, tena kijivu kinachokaribiana, na mchoro ambao kazi yake ilikuwa kutenganisha pande mbili unaziunganisha. Mchoraji aliyejua kwamba kazi yake itapita kwenye mashine hiyo angeweka nukta upande mmoja na mistari ya mshazari upande wa pili, kwa gharama ileile. Tena hapa pana suala la lugha. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaikuta kwa Kiingereza sekondari, na kitabu hakimpi daraja. Istilahi zilikwishakusanywa: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kurasa nne za faharasa ya lugha mbili mwishoni mwa kila kitabu zingemwondolea mwalimu kazi ya kutafsiri istilahi hizo upya kila mwaka, kila mmoja kwa maneno yake.

Kwenye maarifa ya jamii mfano unaoniuma zaidi ni ramani. Ramani za topografia zinazotumika kwenye mazoezi na mitihani ya jiografia huwa na skeli ya 1:50,000, maana yake sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 ardhini. Faili ya ukubwa wa A3 ikichapwa kwenye A4, kompyuta huipunguza yenyewe hadi kama asilimia 71 ili itoshe, na haimwambii mtu. Sasa kilomita 1 inachukua sentimita 1.4 tu, lakini maandishi ya 1:50,000 bado yapo pale chini. Mwanafunzi anapima barabara, anapata sentimita 7, anagawa kwa 2, anaandika kilomita 3.5. Umbali halisi ni karibu kilomita 5. Akipima eneo la ziwa, atapata nusu ya eneo lake. Amefuata kila hatua aliyofundishwa, amekosa jibu, na mwalimu akisahihisha kwa majibu ya ramani halisi ataona mtoto hajui kupima. Kinga ipo. Wakati wa kuchapa, chagua ukubwa wa asilimia 100 na uikate ramani katika karatasi mbili. Ikishindikana, futa skeli ya uwiano (ile 1:50,000) na utumie skeli ya mstari, kwa kuwa mstari ule hupungua pamoja na ramani na hubaki wa kweli. Kabla ya kudurufu kopi 60, weka rula juu ya skeli ya mstari ya kopi ya kwanza.

Historia na uraia havina hasara ya namna hiyo, kwa kuwa ni maneno tu na maneno husafiri salama. Shida yake ni uchache wa sauti. Somo la historia linakusudiwa kumfundisha kijana kulinganisha masimulizi, na hawezi kulinganisha akiwa na simulizi moja. Nakala tano za kitabu kilekile, hata zikiwa bure, ni simulizi moja.

Fasihi ndiko kulikoharibika kuliko kote. Kwa riwaya na tamthiliya teule, kinachosambaa si kazi yenyewe. Kinachosambaa ni uchambuzi, au mwongozo kama wanavyouita Kenya: kurasa kumi na tano zenye dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, muundo, mtindo, na mifano miwili miwili tayari kwa kukaririwa. Swali la mtihani likitaka hoja tatu kutoka kila kitabu, mtahiniwa anazo hoja tatu, zilezile alizonazo jirani yake na aliye mkoa wa pili. Mchambuzi mmoja akimpachika mhusika maneno asiyoyasema, kosa hilo linaingia kwenye maelfu ya majibu. Ushairi una balaa lake la peke yake. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne kwa kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani vipande viwili vya mizani nane nane. Mshororo huo unazidi upana wa simu ndogo, kwa hiyo simu inaukata katikati. Mwanafunzi anahesabu mistari minane ya mizani minane, kina cha kati anakiona kiko mwisho wa mstari, na kila anachokiandika kuhusu umbo la shairi ni kosa lililoanzia kwenye kioo. Dawa yake ni rahisi: shairi liwekwe kama picha ya ukurasa, au mshororo uandikwe na koma au mkwaju kati ya ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (cha pili) ili msomaji aone unapogawanyika.

Vitabu vya dini mara nyingi huachwa nje ya mjadala huu, ingawa Elimu ya Dini ya Kiislamu na Bible Knowledge ni masomo yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani (NECTA). Huku usahihi wa herufi una uzito usiofanana na somo jingine lolote. Katika maandishi ya Kiarabu, nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha. Kopi ya kopi inameza nukta, na alama za irabu, fataha na kasra, hutoweka kabla ya nukta. Maandishi yakinakiliwa kutoka kwenye faili iliyotengenezwa vibaya, herufi huachana na hata kugeuka mpangilio. Anayehifadhi Qur'ani kwa moyo ana tatizo jingine. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604 za mistari 15, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Wanaohifadhi hukumbuka aya pamoja na mahali ilipo kwenye ukurasa, juu kulia au chini kushoto, na programu inayotiririsha aya bila kurasa inawanyang'anya alama hiyo. Kwa hiyo faili inayofaa kuhifadhia ni ya picha za kurasa zilezile 604.

Tafsiri nazo zisipokuwa na maelezo humpoteza mtahiniwa. Chapa za Qur'ani za jumuiya ya Ahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura inayoanza nayo, hivyo aya ya funga, ambayo kwenye chapa nyingi ni 2:183, kwao ni 2:184. Mwanafunzi aliyepakua faili bila kujua hilo atakuwa anakosea rejea zake karibu zote kwa namba moja. Kwa Wakristo, Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, na maneno ya tafsiri ya Union Version ya 1952 si maneno ya tafsiri ya Habari Njema. Kila notisi ya dini ingepaswa kutaja kwenye ukurasa wa kwanza imetumia chapa gani. Ni mstari mmoja tu.

Wanaozitetea faili wana hoja nzito, na ninaikubali. Mwalimu wa shule iliyo mbali na barabara, aliyekuwa akisubiri lori la vitabu hadi katikati ya muhula, leo anafungua kitabu kipya siku kinapotoka. Kosa la uchapaji likigunduliwa, faili hurekebishwa kwa saa moja, ilhali kitabu kilichochapwa kinabaki na kosa lake hadi chapa ijayo. Hakuna anayeijua hali ya vijijini atakayetaka turudi nyuma. Upande wa pili wapo waandishi na wachapishaji, na hoja yao nayo ni ya haki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Vitabu vya TET vimewekwa mtandaoni na mwenye navyo mwenyewe. Tamthiliya teule iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurushwa kwenye grupu haikuwekwa na mwenye nayo. Mwandishi hulipwa kwa nakala inayouzwa. Serikali inayotoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kila mwaka haiwezi kunyamaza huku shule zake zikisoma riwaya kwa picha za wizi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba vitabu vipo na watoto wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Inadai mtoto awe na kifaa alichokatazwa, bando asilolinunua yeye, na muda wa usiku ambao wengi wanautumia kwa kazi za nyumbani. Halafu inaupita ushahidi ulio wazi mbele ya macho: watoto hawa hawa wananakili ubao mzima kila siku, wanajaza madaftari makubwa kwa mwandiko wa mkono, na wananunua kopi kwa hela ya chakula. Mvivu hafanyi hivyo. Wanachokosa ni ukurasa sahihi unaosomeka.

Na ukurasa huo una gharama inayohesabika. Kitabu cha kurasa 240 kikichapwa kurasa mbili kwa upande, pande zote mbili za A4, kinatumia karatasi 60, yaani pande 120. Kwa bei ya steshenari ya shilingi 50 hadi 100 kwa upande, ni shilingi 6,000 hadi 12,000 kwa nakala, tena isiyojalidiwa. Kuchapa kitabu kizima hivyo ni hasara. Kuchapa mada moja ni jambo jingine: mada ya kurasa 24 ni karatasi 6, na rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 83. Darasa la wanafunzi 60 wakikaa watatu kwa nakala wanahitaji nakala 20, karatasi 120, chini ya robo ya rimu. Ukubwa wa ukurasa wa asili uangaliwe kwanza. Wa B5 ukiwekwa hivyo unapungua hadi asilimia 84, na herufi za pointi 11 zinabaki zaidi ya pointi 9, zinasomeka. Wa A4 unashuka hadi asilimia 71 na herufi zinakuwa chini ya pointi 8, ambazo watoto wa dawati la nyuma, kwenye darasa lisilo na umeme, hawawezi kuzisoma watatu kwa pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko TET: kila kitabu kiwe na toleo la pili la kuchapa, lililogawanywa kwa mada, lenye michoro ya mistari isiyotegemea rangi, ramani zenye skeli ya mstari, na namba za kurasa zinazolingana na kitabu kilichochapwa ili mwalimu akisema ukurasa wa 57 wote wafungue mahali pamoja. Sehemu ya chini ya kila ukurasa ibebe jina la kitabu, darasa na mwaka wa mtaala, maana kopi huachana na jalada lake siku ya kwanza. Fomula ziwe picha au herufi zinazobaki na vipeo vyake zikinakiliwa. Faili ya mada moja ikiandikwa upya kwa maandishi, badala ya kupigwa picha kwa simu, inakuwa nyepesi kiasi cha kupakuliwa kwa bando dogo.

Ya pili ni ya shule. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nayo haitoshi kwa mengi, ila rimu chache za karatasi kwa mada ngumu za hisabati, fizikia na jiografia zinaweza kuwekwa kwenye mpango wa mwaka, na nakala zitakazochapwa zikabidhiwe kwa mwalimu wa taaluma, azihesabu na kuzirudisha stoo kila mada inapokwisha ili darasa la mwaka unaofuata lizitumie. Kwa fasihi, nakala kumi halali za kila kitabu teule zinunuliwe na kuwekwa kwenye zamu ya wiki mbili mbili kwa makundi, na uchambuzi usiruhusiwe darasani kabla kundi halijamaliza kusoma. Mwalimu atajua kama wamesoma akiuliza jambo lisilo kwenye uchambuzi wowote: mhusika fulani alivaa nini alipoingia, au nani alikuwepo chumbani barua iliposomwa.